Tujifunze Kiingereza: Mji Ambao "Gate" Si Lango

Juma hili nimeletewa barua ya mzazi mmoja, nayo imenifanya niyaweke kando yale mazoezi ya vitenzi tuliyokuwa nayo. Aandika kwamba mwanawe ameingia Kidato cha Kwanza. Katika shule ya msingi kijana alisoma kwa Kiswahili, na sasa karibu masomo yote yamjia kwa Kiingereza. Kila jioni hukaa na daftari lenye maneno mia, huku Kiingereza, huku Kiswahili, akayakariri mpaka usingizi umchukue. Asubuhi ayasema yote bila kukosa hata moja. Lakini akipewa ukurasa mmoja wa kitabu cha Historia hawezi kusema habari iliyomo. "Mimi mwenyewe Kiingereza sikijui," asema baba huyo, "basi nimsaidie kwa nini?"

Swali hili si dogo. Mtoto asiyeielewa lugha ya darasani huhesabiwa kuwa mjinga, hali akili anazo. Mwaka ukimpita hivyo, yeye mwenyewe huanza kusadiki kwamba ni mjinga, na hapo kumrudisha ni kazi kubwa kuliko kumfundisha lugha yenyewe.

Jibu langu ni hili: neno lililowekwa peke yake katika daftari ni kama jiwe lililong'olewa ukutani. Waliona jiwe, lakini hujui lilikuwa limeshika nini. Mpe kijana ukuta mzima. Na katika kusoma kwangu sijaona kitu kinachofaa kazi hii kuliko habari za miji ya kale. Mji una mitaa, malango, madaraja, soko, mto, kanisa, gereza. Ni vitu ambavyo kila mtu amekwisha kuviona kwa macho yake, hata kama hajatoka wilayani kwake. Kila neno geni lina mahali pa kukaa.

Chukua mfano wa hapa kwetu. Mgeni ajifunzaye Kiswahili akisikia "Kariakoo" atafungua kamusi, na huenda asiambulie kitu. Lakini akisoma habari za Dar es Salaam atakuta kwamba katika Vita Kuu ya Kwanza, ya 1914 hadi 1918, Waingereza waliwatwaa Waafrika maelfu kwa maelfu wawe wapagazi wa jeshi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na mahali walipokaa wapagazi hao pakashika jina hilo, nasi tukaliviringa ulimini mpaka likawa Kariakoo. Kadhalika Unguja: mtu aweza kuzunguka Darajani kutwa nzima asione daraja. Lilikuwapo zamani, juu ya hori iliyotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na hori ile ilikwisha fukiwa. Daraja limekwenda, jina limebaki.

Basi leo na twende katika mji wa Waingereza wenyewe tukafanye vivyo hivyo. Sitawapeleka London, maana London ni kubwa mno na mwanafunzi hupotea. Twende York, kaskazini, kama mwendo wa saa mbili kwa treni kutoka London, mahali ambapo mito miwili, Ouse na Foss, hukutana. (Ouse husomwa "Uz". Msiniulize kwa nini. Kiingereza ndivyo kilivyo.)

Warumi ndio walioanza mji huo, mwaka 71 baada ya Kristo, ukiwa kambi ya askari, wakauita Eboracum. Kaisari Septimius Severus, mzaliwa wa Afrika ya Kaskazini katika nchi tuiitayo leo Libya, alifia humo mwaka 211. Na mwaka 306 askari walimtangaza Constantine kuwa kaisari papo hapo York, yule ambaye baadaye aliwapa Wakristo ruhusa ya kusali hadharani. Warumi wakaondoka. Wakaja mababu wa Waingereza, na kwa kuwa jina Eboracum liliwashinda, wakalifanya Eoforwic, ambalo masikioni mwao lilikuwa na nguruwe mwitu ndani yake. Mwaka 866 wakaja Waviking, mabaharia wakali kutoka nchi za Denmark na jirani zake, wakauteka mji wakauita Jorvik. Jorvik likafupika, likawa York. Jina moja limepita midomo ya mataifa matatu na kila mdomo umelitafuna kwa namna yake, kama sisi tulivyomtafuna Carrier Corps. Hata New York ya Marekani ilipata jina lake mwaka 1664 kwa heshima ya ndugu ya mfalme wa Uingereza, aliyekuwa na cheo cha Duke wa York.

Sasa tuingie mjini. Yule kijana wa daftari anajua kwamba "gate" ni lango, na "bar" ni baa. Mpe sentensi hii: "We walked up Micklegate and went out through Micklegate Bar." Atafasiri kwamba watu walipanda lango wakatokea baa, na baba yake ataanza kuuliza ni kitabu gani hiki wanachosomeshwa watoto siku hizi!

Lakini York ilikaliwa na Waviking, na katika lugha yao "gata" ni mtaa. Kwa hiyo Stonegate si lango la mawe, bali ni mtaa wa mawe. Swinegate ni mtaa wa nguruwe. Micklegate ni mtaa mkubwa, kwa kuwa "mickle" ni neno la kale la ukubwa. Coppergate haina habari ya shaba hata kidogo, ni mtaa wa mafundi waliochonga vikombe na mabakuli ya miti. Tena kuna kichochoro kimoja kifupi sana, hakina nyumba za kuhesabu, jina lake Whip-Ma-Whop-Ma-Gate. Watoto wenu wakiweza kulisema mara tatu bila kucheka, wapeni zawadi.

Na "bar" je? Hilo lilitoka Kifaransa, maana yake kizuizi, na mjini York ndilo jina la lango katika ukuta wa mji. Basi waliotajwa katika sentensi yetu walipanda Mtaa Mkubwa, wakatoka katika Lango la Mtaa Mkubwa, wala hawakunywa kitu. Wenyeji wa York hupenda kuwafanyia wageni mzaha, husema kwamba kwao mitaa huitwa malango, malango huitwa baa, na baa zenyewe huitwa "pubs".

Ukuta huo wa York ni wa zama za kati, na mwingi wake ungali umesimama, urefu wake wapata kilometa tatu na nusu. Malango yake makubwa ni manne: Micklegate Bar, Bootham Bar, Monk Bar na Walmgate Bar. Watu huruhusiwa kutembea juu yake, bila kulipa. Hapa nataka msimame nami kidogo, maana ukuta huu ni mwalimu mzuri kuliko mimi.

Sisi katika Kiswahili tukitaka kusema mahali, twatia "-ni" tu mwishoni mwa jina, kazi imekwisha: ukutani, langoni, darajani, mtoni. Picha imetundikwa ukutani, panya anaishi ukutani, askari amesimama ukutani. Mwingereza hawezi kutosheka hivyo. Picha iko "on the wall", panya yumo "in the wall", askari yuko "at the wall". Hivi vijineno vidogo ndivyo vinavyowaangusha watoto wetu katika mitihani, na havikaririki. Vinataka kuonekana. Lakini fuata mtu atembeaye York. Apita langoni: "through the gate". Apanda ngazi, sasa yuko juu ya ukuta: "on the wall". Aufuata ukuta: "along the wall". Auzunguka mji: "round the city". Avuka mto kwa daraja: "over the bridge". Na mashua ikapita chini yake: "under the bridge". Chora ukuta kwa mkaa sakafuni, weka punje ya hindi iwe mtu, uisogeze huku ukisema. Mtoto aliyefanya hivyo jioni mbili hatasahau tena tofauti ya "through" na "over".

Katika Micklegate Bar, ambalo ndilo lango la heshima, wafalme walikuwa na desturi ya kuingilia hapo, na vichwa vya walioitwa wahaini vilitundikwa hapo hapo. Mwaka 1460 kilitundikwa kichwa cha Richard, Duke wa York mwenyewe, kimevikwa taji ya karatasi kwa dhihaka. Tarehe 9 Novemba 2022 Mfalme Charles wa Tatu alipofika langoni hapo, mtu mmoja katika umati alimrushia mayai. Hayakumpata, naye akaendelea kusalimiana na wenyeji.

Mayai hayo yanatupa somo lingine. Neno "egg" ni la Waviking. Waingereza wa kusini walikuwa na neno lao, "eyren". William Caxton, mtu wa kwanza kupiga chapa vitabu nchini Uingereza, alisimulia mwaka 1490 habari ya wafanyabiashara waliokwama katika mto wa Thames kwa kukosa upepo. Wakashuka pwani kutafuta chakula. Mmoja akamwomba mama wa nyumba awauzie "egges". Yule mama akajibu kwamba hajui Kifaransa. Mfanyabiashara akakasirika, maana hata yeye Kifaransa hakukijua, alitaka mayai tu! Mwenzake akasema "eyren", ndipo mama akaelewa. Waingereza kwa Waingereza, nao hawakusikilizana juu ya yai. Mwambieni hivyo mtoto anayeona haya kukosea Kiingereza mbele ya wenzake.

Waviking waliacha maneno mengi mengine, na si maneno ya vita kama mtu angedhani, bali ya nyumbani. "Husband", mume, kwao alikuwa mwenye nyumba. "Law", sheria, ni lao. "Sky", anga, ni lao. Hata "they" na "them", ambavyo Mwingereza hawezi kusema sentensi tano bila kuvitumia, vimetoka kwao. "Knife" waliitamka pamoja na ile "k" ya mbele. Waingereza wa leo wameiacha ulimini wakaibakiza kalamuni, watoto wetu wakateseka. Na "window" kwa Waviking lilikuwa jicho la upepo. Mimi hulipenda sana neno hilo. Nyumba zao hazikuwa na vioo, zilikuwa na tundu la kuingiza hewa, na upepo ukachungulia humo. Nasi tusijione tofauti, maana dirisha letu tulilipata kwa Waajemi.

Tumejuaje namna Waviking walivyoishi York? Kati ya mwaka 1976 na 1981 wachimbuzi walichimba pale Coppergate, wakakuta udongo umelowa maji na hauna hewa, hata miti, ngozi na nguo za miaka elfu zilikuwa hazijaoza. Walitoa vitu 40,000: vitana, viatu, vikombe, hata soksi moja ya sufu. Mahali hapo pakafunguliwa nyumba ya maonyesho mwaka 1984, ambamo mgeni huketi katika kigari akapitishwa mitaani mwa Jorvik na kunusishwa harufu zake, na wasema harufu hizo si za marashi. Mafuriko ya Desemba 2015 yaliingia humo, ikabidi pafungwe mpaka 2017.

Soma sentensi hii: "A sock was found in the mud." Yaani, soksi ilipatikana matopeni. Vitabu vya miji ya kale vimejaa sentensi za namna hiyo: "was built", ulijengwa, "was burnt", ulichomwa, "was taken", ulitekwa. Walimu hulipa jambo hili jina la kutisha, watoto wakaogopa. Lakini Mswahili alizaliwa nalo! Ni ile "w" yetu ndogo tu, jenga na jengwa, choma na chomwa. Sisi twaitia ndani ya kitenzi, Mwingereza huweka "was" nje, mlangoni. Mtoto akisoma habari za mji mmoja atalikuta mara hamsini kabla hajafika mwisho.

Kuna mtaa uitwao Shambles. Ni mwembamba, na orofa za juu za nyumba zake zimeinama mbele hata karibu zigusane. Palikuwa mtaa wa wauza nyama. Mwaka 1872 maduka ya nyama yalizidi 20, sasa hakuna hata moja, wamejaa wauza vitu vya watalii. Jina limetoka katika neno la kale la mbao au benchi, zile walizopanga nyama juu yake. Kisha likawa machinjio. Kisha, kwa sababu ya damu na vurugu za machinjioni, likawa fujo. Leo Mwingereza akisema "The office is a shambles," ofisi yake imevurugika, na hafikirii nyama wala benchi. Katika mtaa huo aliishi Margaret Clitherow, mke wa muuza nyama, aliyeuawa mwaka 1586 kwa kukandamizwa chini ya mawe, kwa sababu aliwaficha mapadre nyumbani mwake na akakataa kujibu mashtaka. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1970, na pana mahali pa kusali kwa ukumbusho wake hapo Shambles.

Mwingine mzaliwa wa York ni Guy Fawkes, wa mwaka 1570. Huyu alikamatwa mwaka 1605 akilinda baruti zilizowekwa chini ya Bunge huko London. Waingereza wakawa wakichoma sanamu yake kila tarehe 5 Novemba, na sanamu ile wakaiita "a guy". Baadaye "guy" akawa mtu yeyote aliyevaa vibaya, kisha mtu yeyote tu. Vijana wetu waambiao rafiki zao "Hi, guys!" wamtaja mtu wa York bila kujua.

Kanisa kuu, liitwalo York Minster, lataka makala yake lenyewe. Kanisa la kwanza lilikuwa la miti, mwaka 627, lililojengwa haraka ili Mfalme Edwin abatizwe humo na Paulinus. Katika shule ya kanisa hilo alifundisha Alcuin, aliyeitwa baadaye na Charlemagne akawe mwalimu katika jumba lake la kifalme. Jengo la mawe lililopo leo lilianzwa karibu na mwaka 1220, likamalizika 1472. Hesabuni wenyewe, hakuna fundi aliyeuona mwanzo akauona na mwisho. Dirisha lake la mashariki lilitiwa vioo vya rangi na John Thornton kati ya 1405 na 1408, nalo laonyesha mwanzo wa ulimwengu na mwisho wake, kutoka Mwanzo hadi Ufunuo. Tarehe 9 Julai 1984 moto uliteketeza paa ya upande wa kusini, na ilipofika 1988 lilikuwa limekwisha kutengenezwa.

Sasa nitawapeleka mahali ambapo vijitabu vingine vya watalii hupapita mbio. Ni mnara uitwao Clifford's Tower, juu ya kilima cha mviringo. Mnara wa mawe uliopo ni wa karne ya 13. Kabla yake ulikuwapo wa miti. Mwezi Machi mwaka 1190 Wayahudi wa York, yapata watu 150, waume kwa wake na watoto, waliukimbilia, maana kundi la watu wa mji na mabwana waliokuwa na madeni yao lilitaka kuwaua. Wakazingirwa. Wengi walijiua wenyewe kuliko kuanguka mikononi mwa lile kundi, mnara ukaungua moto, na waliotoka kwa kuahidiwa usalama waliuawa. Kisha wale wauaji wakaenda kanisani, katika Minster hiyo hiyo, zilikowekwa hati za madeni, wakazichoma.

Mtu ataniuliza kama haya yafaa kwa mtoto ajifunzaye lugha. Naona yafaa, kwa mtoto wa Kidato cha Kwanza, akisoma pamoja na mkubwa. Maneno "debt", "mob", "siege" na "promise" hayatamtoka tena. Lakini zaidi ya maneno, ataona kwamba kile kilima kizuri chenye maua ya manjano wakati wa masika ya Ulaya, ambacho watu hupiga picha mbele yake, kina habari, na kwamba asomaye picha tu hajasoma mji. Kibao cha ukumbusho kiliwekwa hapo mwaka 1978. Kibao hicho nacho ni Kiingereza, akisome.

Hapa ndipo namrudia mzazi aliyeandika. Wewe wasema hujui Kiingereza. Lakini wajua deni ni nini. Wajua soko, ukuta, moto, mafuriko, ahadi iliyovunjwa. Jioni ya kwanza kijana akisha kuusoma ukurasa wake, mwambie afunge kitabu akusimulie kwa Kiswahili. Wewe uliza maswali ya mtu mzima: kwa nini walizichoma zile karatasi? Nani alipata faida? Ule mtaa wamekwisha kwenda wapi wauza nyama wake? Akishindwa kukujibu hakuelewa, hata kama maneno yote mia anayo kichwani, na arudi kitabuni akatafute. Mwalimu mwenye wanafunzi themanini darasani hawezi kumfanyia kila mmoja jambo hili. Wewe waweza, na kwa kazi hii kutojua kwako Kiingereza ni faida, kwa sababu hawezi kukuzungusha kwa maneno asiyoyaelewa yeye mwenyewe.

Jioni ya pili achore ramani ya mji na kuandika majina. Jioni ya tatu akuongoze, kwa Kiingereza, kutoka lango moja hadi jingine, nawe usogeze kidole chako ramani ikufundishe: "Go over the bridge. Turn left. Go through the gate." Hutakosa kujifunza nawe mawili matatu. Achukue mji mmoja kwa mwezi mzima, asiruke ruke. Vitabu vya namna hii viko katika maktaba za mikoa na za shule, na mwenye simu aweza kupata kurasa zake kwa bando dogo. Achague zilizoandikwa kwa maneno mepesi.

Jambo moja tu ajihadhari nalo. Waandishi wa vijitabu vya watalii wana maneno yao ya kuuzia: "charming", "breathtaking", "must-see". Kila kichochoro kwao chapendeza, kila mnara wakata pumzi. Ni kama mpiga debe wa kituo cha mabasi, gari lake halikosi kuwa la mwisho na zuri kuliko yote. Mwanafunzi ayajue maneno hayo lakini asiyaingize katika insha yake. Aandike kwamba mtaa ni mwembamba na nyumba zimeinama. Msomaji ataona mwenyewe kama wapendeza.

Haya, kazi ya juma hili. Someni tena habari hizi, kisha mjibu kwa Kiingereza, kwa sentensi nzima:

Who built the first fort at York, and in what year?
What does the word "gate" mean in the name Stonegate?
Why did the woman not understand the word "egges"?
What was burnt in the Minster in 1190, and why?

Kisha fanyeni la kwenu. Andikeni mistari kumi ya Kiingereza juu ya jina la mtaa au kijiji mnachokaa: nani alikiita hivyo, lini, na kitu gani kilichokuwapo ambacho sasa hakipo. Kwa hilo la mwisho waulizeni wazee kwanza, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, ndipo mshike kalamu. Mwandike kwa wino na kwa mistari iliyoachana, nipate nafasi ya kusahihisha. Juma lijalo tutapanda kaskazini zaidi mpaka Edinburgh, mahali ambapo kanisa ni "kirk", na mtoto mdogo ni "bairn".